Jibu la Barua Yako ya Kuomba Ruhusa

Wete, Pemba

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Sisi huku nyumbani hatujambo. Mama yako ni mzima, bibi yako goti lake limepoa kidogo, na mikarafuu ya shamba la juu imebeba vyema kuliko mwaka jana. Ama baada ya salamu, barua yako imenifika Jumatatu, na nimeisoma mara tatu: mara ya kwanza nimesimama mlangoni pa duka, na mara mbili nimekaa.

Unaniomba ruhusa uache uhandisi wa umeme uingie fizikia, upate kusomea mawimbi ya redio. Unaandika kwamba unachelea nitaona fedha za karafuu tulizokulipia zimekwenda bure, na kwamba umekaa miezi miwili na maneno hayo moyoni kabla ya kuyatia kwenye karatasi. Sikukasirika, mwanangu. Lakini kabla ya kukupa jibu nataka nikusimulie habari za mtu mmoja, kwa sababu naye alikuwa mwanafunzi wa uhandisi mbali na kwao, naye alimwandikia babake barua ya namna hii hii, na tarehe yake inajulikana: 1 Novemba 1877.

Jina lake umekua nalo. Ulipokuwa mdogo ukikaa chini ya meza yangu dukani, ukipanga skrubu kubwa kwa kubwa na ndogo kwa ndogo, uliniuliza herufi zilizoandikwa pembeni mwa kioo cha redio zina maana gani, nami nikakujibu kwamba ni kilohezi na megahezi, hesabu ya masafa, yaani wimbi linatikisika mara ngapi kwa sekunde. Jibu lilikuwa sahihi, lakini halikutosha. Nimetengeneza redio za watu wa Wete, Konde na Micheweni kwa zaidi ya miaka thelathini, nimepanda minazi kuwafungia waya za antena ili wasikie Unguja, Mombasa na Maskati, na muda wote huo sikujua kuwa hezi ni jina la mtu. Nilijua siku mwalimu mmoja wa sekondari aliponiazima kitabu, na tangu siku hiyo nimesoma kila nilichokipata juu yake.

Heinrich Rudolf Hertz alizaliwa tarehe 22 Februari 1857 katika mji wa Hamburg, bandari kubwa ya kaskazini mwa Ujerumani. Babake, Gustav, alikuwa mwanasheria, na baadaye akawa seneta wa mji huo, kwa hiyo nyumba yao haikuwa nyumba ya mafundi. Hata hivyo mtoto alikuwa na kerezo lake mwenyewe, akikereza mbao na chuma kwa mkono wake, na siku za Jumapili alikwenda skuli ya ufundi kujifunza kuchora michoro ya kazi. Katika skuli ya kawaida alikuwa hodari wa lugha hata akajifunza Kiarabu. Hilo lilinigusa sana, maana nilimpigia picha akilini kijana wa Kijerumani akihangaika na aini na ghaini kama ulivyohangaika wewe chuoni kwa maalimu, na vidole vyake vina vumbi la mbao. Nakuomba uvikumbuke vidole hivyo, kwa sababu kila kitu kilichokuja baadaye kilipita humo.

Alipomaliza skuli alikusudia kuwa mhandisi wa ujenzi. Alifanya mazoezi ya kazi Frankfurt, akasoma kidogo Dresden, akatumikia jeshi mwaka mmoja Berlin, na mwaka 1877 akafika Munich kuendelea na masomo hayo. Hapo moyo wake ukamgeuka. Alimweleza babake kwamba kwa muda mrefu alikuwa akijiambia kuwa ni afadhali awe mhandisi wa kadiri kuliko mtafiti wa kadiri, lakini sasa ameona kuwa tahadhari ya namna hiyo ikizidi huwa ni upumbavu. Hakumwomba ushauri. Alimwomba akate shauri, kwa kuwa gharama zilikuwa za mzee. Na babake akamkubalia.

Nimemfikiria sana mzee yule. Mwaka 1877 hakuna mtu aliyeweza kumwonyesha faida yoyote ya masomo yale. Daraja angeliweza kuliona na kulikanyaga, lakini mwanawe alikuwa akiomba kwenda kutafuta kitu ambacho hata jina hakijapata.

Mwaka uliofuata kijana alihamia Berlin, akasoma kwa Hermann von Helmholtz na Gustav Kirchhoff, na mwaka 1880, akiwa na umri wa miaka 23, alipata udaktari wake. Hapo kati ndipo penye jambo la kulitazama kwa makini. Mskoti James Clerk Maxwell alikuwa ameandika mwaka 1865 kwamba umeme na sumaku vikitikiswa pamoja hutoa mawimbi yanayokwenda kwa mwendo wa mwanga, na kwamba mwanga wenyewe ni mawimbi ya aina hiyo. Zilikuwa hesabu tupu, hakuna aliyezithibitisha. Mwaka 1879 Chuo cha Sayansi cha Berlin kilitangaza zawadi kwa atakayetatua sehemu ya suala hilo, na Helmholtz akamtaka mwanafunzi wake alishike. Hertz akakaa, akapiga hesabu, akaona kwamba kwa vyombo vilivyokuwapo umeme hauwezi kutikisika upesi kiasi cha kutosha. Akakataa. Hakukimbilia zawadi kwa vyombo ambavyo alijua havitamfikisha, wala swali lenyewe hakulisahau. Mwaka huo huo Maxwell alifariki bila ya kuyaona mawimbi yake, na mwaka huo huo kebo ya simu ya maandishi kutoka Aden ililazwa chini ya bahari ikafika Unguja. Habari za ulimwengu zikaanza kutufikia kwa waya wa shaba, lakini chombo kikishatoka bandarini hakikupata tena hata neno moja mpaka kifike nchi kavu nyengine.

Miaka yake ya Kiel naipita. Alifundisha huko kuanzia 1883, akafanya nadharia kwa sababu vyombo vya majaribio vilikuwa haba. Mwaka 1885 akawa profesa Karlsruhe, na mwaka uliofuata akamwoa Elisabeth Doll, binti wa mmoja wa maprofesa wenziwe.

Mwaka huo wa 1886, majira ya pukutiko, alikuwa akichezea koili mbili bapa zilizokuwa katika kabati la vyombo vya kufundishia, waya zake zimezungushwa kama ukili unavyozungushwa kufanya mkeka wa mviringo. Alipoutoa umeme kwa ghafla katika koili moja, cheche iliruka pia katika mwanya wa koili ya pili. Watu wengi wangeliipita cheche ile. Yeye akasimama, kwa sababu kwa miaka saba alikuwa akijua anachokosa ni nini: umeme unaotikisika upesi. Na sasa ulikuwa mbele yake, umetoka katika chombo cha kuwaonyesha wanafunzi.

Basi akaunda mitambo yake, na hapa naomba usome kama fundi. Alichukua waya mbili nene za shaba akazinyoosha katika mstari mmoja, akaacha mwanya mdogo katikati, na mwisho wa kila waya akatia mpira wa zinki wenye kipenyo cha sentimita 30. Katikati aliunganisha koili ya kukuza volti. Kila cheche iliporuka mwanyani, umeme ulikimbia huku na huku kutoka mpira hadi mpira, makumi ya mamilioni ya mara kwa sekunde, mpaka ukaishiwa nguvu. Huo ndio mtambo wa kurushia. Chombo cha kupokelea kilikuwa duara la waya lenye mwanya mwembamba unaorekebishwa kwa skrubu, bila ya betri wala transista. Kama wimbi limefika, cheche ndogo mno itaonekana katika mwanya huo, na mwanya wenyewe mara nyengine haukuzidi sehemu chache za mia za milimita. Ili kuiona, alikaa gizani mpaka macho yakazoea, kisha akalisogeza duara hatua kwa hatua, akaandika, akasogeza tena. Nimewahi kukesha na redio moja siku mbili nikitafuta waya uliokatika ndani ya koili, nikadhani hiyo ndiyo subira. Yeye alikaa hivyo kwa miaka miwili.

Mwaka 1888 aliuchukua ukumbi wa kusomeshea, wenye urefu wa mita 15. Aliondoa mabomba ya gesi na taa zilizoning'inia, akabandika bati la zinki la mita 4 kwa 2 ukutani, kisha akarusha mawimbi yake kulielekea. Umekwisha kuona bandarini wimbi likipiga ukuta wa gati likarudi, likakutana na jingine linalokuja: pahala pamoja maji hupanda na kushuka kwa nguvu, na hatua chache pembeni yake yametulia, dau haliyumbi. Ndivyo alivyoona ukumbini. Alipotembea na duara lake, cheche ilinawiri, ikafifia, ikazimika, ikanawiri tena. Umbali baina ya pahala pa utulivu na pahala pengine pa utulivu ni nusu ya urefu wa wimbi. Kwa hiyo kitu kisichoonekana, kisichosikika na kisicho na harufu, alikipima kwa rula juu ya sakafu ya mbao, na wimbi lake la ukumbi ule lilikuwa la zaidi ya mita 9.

Ukishaupata urefu, ukauzidisha kwa idadi ya mitikisiko katika sekunde moja, unapata mwendo, na mwendo huo ni kilomita 300,000 kwa sekunde. Wewe hesabu hii unaijua tangu Darasa la Tano, ingawa hatukuiita fizikia. Nilikwambia kwamba stesheni yetu ya Zanzibar inayorushwa kutoka Dole kwa kilohezi 11,735 iko katika bendi ya mita 25, ukaniuliza mita hizo zimetoka wapi, tukagawa pamoja kwenye karatasi ya kufungia sukari, tukapata mita 25 na nusu. Tulikuwa tukirudia kazi yake.

Mwisho wa mwaka huo wa 1888 Hertz alifupisha mawimbi mpaka sentimita 66, ambayo kwa lugha ya leo ni kama megahezi 450, akayaelekeza kwa vioo vya bati la zinki vilivyopindwa kama kurunzi ielekezavyo mwanga. Akayapitisha katika mlango wa mbao uliofungwa, na cheche ikaonekana chumba cha pili. Akatengeneza fremu ya waya za shaba zilizolazwa sambamba: zikilala upande mmoja mawimbi yanazuilika, ukizigeuza robo ya duara yanapita, kwa hiyo akajua kwamba mawimbi yale yana upande wa kutikisikia kama mwanga. Kisha akataka kujua kama yanapinda yakipita katika kitu kizito, kama mwanga upindavyo katika pembe ya kioo. Kwa wimbi kubwa kiasi kile kioo cha mkononi hakifai. Akamimina lami ndani ya sanduku la pembe tatu, pande lenye urefu wa mita moja na nusu na uzito wa kilo 600 hivi, akalirushia mawimbi yake, nayo yakapinda. Naipenda sehemu hii kuliko zote. Swali lilikuwa la elimu ya juu kabisa iliyokuwapo duniani, na jibu lilihitaji pande la lami kubwa kuliko mlango wa duka langu, la kusubiriwa lipoe na ligande. Tarehe 13 Desemba 1888 taarifa yake ikafikishwa Berlin, na tangu hapo hapakuwa na sababu ya kumtilia shaka Maxwell.

Kuna jambo jengine alilolipata njiani. Mwaka 1887 alilifunika duara lake kwa kisanduku cheusi ili aione cheche vizuri zaidi, na cheche ikapungua nguvu. Mtu wa haraka angelitupa kisanduku akaendelea na safari yake. Yeye alisimamisha kazi kubwa kwa miezi kadhaa akaweka kioo, akaweka mawe ya kwazi, akaweka mbao, mpaka akagundua kwamba mwanga wa urujuanimno, usioonekana kwa macho, kutoka cheche kubwa ndio unaoisaidia cheche ndogo kuruka. Aliandika alichokiona, akasema wazi kwamba hana nadharia ya kukieleza, akarudi kwenye mawimbi. Maelezo yaliletwa na Albert Einstein mwaka 1905, na kwa kazi hiyo akapewa Zawadi ya Nobel ya mwaka 1921. Chanzo chake ni kisanduku cha kuzuia mwanga.

Wala usidhani hakukosea. Katika hesabu yake ya kwanza alikosea mahali pamoja, akapata jibu lililopotoka kwa kipeuo cha pili cha 2, na Mfaransa Henri Poincaré ndiye aliyelifichua kosa hilo. Vipimo vyake vya awali vilionyesha pia kwamba mawimbi yanakwenda polepole zaidi katika waya kuliko hewani, jambo lisilo kweli, na baadaye watafiti wa Geneva, katika ukumbi mpana zaidi, walionyesha kuwa mwendo ni mmoja. Hertz hakugombana nao. Alipozikusanya makala zake katika kitabu aliyaandika makosa hayo mwenyewe, akaeleza jinsi ukumbi wake ulivyoweza kumhadaa. Fundi aliyenifunza kazi, Mungu amrehemu, alikuwa akificha redio aliyoiharibu chini ya meza na kumwambia mteja arudi wiki ijayo, nami nilikaa miaka mingi kabla ya kuiacha tabia hiyo. Kwa hiyo kurasa zile nilizisoma polepole.

Utaniuliza kama alijua redio itakuja. Mwaka 1889 mhandisi mmoja alimwandikia kumuuliza kama mawimbi yake yanaweza kubeba sauti ya simu. Akamjibu kwamba mitikisiko ya sauti ni ya polepole mno, mawimbi yake yangelikuwa na urefu wa mamia ya kilomita, na kioo cha kuyaelekeza kingelihitaji kuwa kikubwa kama bara zima. Hesabu ilikuwa sahihi. Wazo la kuipandisha sauti juu ya mgongo wa wimbi la upesi zaidi, kama abiria juu ya chombo, halikuwa limezaliwa.

Mwaka 1889 alihamia Bonn, na mwaka 1890 Uingereza ikamtunukia Nishani ya Rumford. Lakini afya ilikuwa imeanza kumsaliti. Kuanzia 1892 maumivu ya pua, masikio na kichwa hayakumwacha, akapasuliwa zaidi ya mara moja bila ya kupona, na kati ya maumivu hayo akaandika kitabu cha mekanika kilichochapishwa baada ya kufa kwake. Tarehe 7 Desemba 1893 alifundisha darasa lake la mwisho. Siku mbili baadaye aliwaandikia wazazi wake kwamba kama lolote litamfika wasihuzunike, bali waone fahari kidogo, na wafikiri kwamba yeye ni katika wale waliojaaliwa kuishi kwa muda mfupi na bado wakapata kuishi vya kutosha. Alifariki tarehe 1 Januari 1894. Hakuwa ametimiza miaka 37. Aliacha mjane na mabinti wawili, Johanna wa miaka sita na Mathilde ambaye hata mitatu hakuwa ameitimiza. Mwaka uliofuata kijana wa Kitaliano, Guglielmo Marconi, alianza kuyatumia mawimbi yale kupeleka ishara za simu bila ya waya.

Johanna alipokuwa mtu mzima ndiye aliyezikusanya barua za babake zikachapishwa, na ndiyo maana leo mtu wa Pemba anaweza kujua mwanafunzi wa Munich alimwambia nini mzee wake. Barua ya Desemba niliifunga nikaenda kukaa barazani, sikuweza kuendelea siku ile. Mimi ni baba, na sijui ningeliipokea vipi.

Sasa nakujibu. Ruhusa nimekupa, na mama yako amekupa pia, naye amenituma nikwambie kwamba fedha za karafuu hazikwenda popote, ziko kichwani mwako. Unasema unataka kupima jinsi mawimbi ya masafa mafupi yanavyorudishwa na tabaka la juu la anga usiku na mchana katika nchi zetu hizi za karibu na ikweta. Pima. Mimi nimesikia Maskati ikija usiku na kupotea asubuhi maisha yangu yote, na ningependa kuona takwimu zake zimeandikwa kwa mkono wako. Nina sharti moja tu: usiwaachie wengine kazi ya kulehemu. Chombo utakachopimia ukiunde mwenyewe, hata kama chuo kinacho kilichonunuliwa.

Jirani yetu anasafiri na meli ya Ijumaa kwenda Unguja, na kutoka hapo atavuka kuja huko Dar es Salaam. Nimempa kifurushi chako. Ndani yake mna mita yangu ya sindano, ile ya kifuniko kilichopasuka, koili mbili za shaba nilizozizungusha wiki hii, mita kumi za waya wa antena, na kopo la halua kutoka kwa bibi yako, ambalo amesisitiza lisiwekwe karibu na risasi ya kulehemu. Kikifika nijulishe. Na likizo ukija, njoo na daftari la vipimo vya mwanzo, kwani mnazi wa nyuma ya nyumba bado una nguvu na ngazi nimeitengeneza.

Wasalaam,

Baba yako